Mshono wa Siku ya Ishirini na Nane

Nilipokuwa mtoto, katika nyumba ya bibi yangu iliyokuwa nyuma ya shamba la minazi karibu na Pangani, palikuwa na kuku mwenye madoa aliyependa kutamia ndani ya pakacha kuukuu jikoni, na siku moja, kwa utundu nisioweza kuukumbuka hata leo bila ya haya, niliingiza mkono chini ya mbawa zake nikatoa yai, likaniponyoka, likavunjika juu ya sakafu ya udongo. Kuku alikuwa ametamia siku tatu tu. Nilitazamia kuona ute na kiini, kama yai la kukaanga. Nilichokiona kilikuwa kiini kilichotandaliwa na nyuzi nyembamba za damu mfano wa mizizi, na katikati yake tone jekundu, dogo kuliko punje ya mtama, likipwita, likitua, likipwita tena. Bibi hakunipiga. Aliinama, akalitazama mpaka lilipoacha, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyetazamia jawabu: "Huyu anafinyangwa na nani humo ndani, mjukuu wangu, na nyumba yenyewe haina mlango?"

Swali hilo halikuwa la bibi yangu peke yake. Aristotle, mwanachuoni wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika habari za mayai ya kuku katika siku mbalimbali za kutamiwa, na yeye naye aliliona tone lile la damu likienda kama kitu chenye roho. Tangu zama zake hadi zama zetu watu wenye elimu wameliandama swali lile lile kwa darubini, kwa visu vyembamba kama unywele na kwa hesabu, hata sasa lina jawabu ambalo, ijapokuwa halijakamilika, ni bayana na la ajabu. Nia yangu ni kulieleza jawabu hilo kwa kadiri ya uwezo wangu, kisha kuonyesha kwamba ndani yake mna tarehe, na kwamba tarehe hiyo, ambayo serikali zetu, jamaa zetu na desturi zetu zimezoea kuipita pasipo kuijua, ndiyo ipasayo kuamua ni lini mama aanze kutunzwa: si baada ya habari ya mimba kumfikia, bali kabla yake.

Mfinyanzi wa vyungu ana mikono miwili nje ya udongo wake; huukanda, huuinua, huupapasa ukingo mpaka ukalingana, na akiondoka udongo hubaki kama alivyouacha. Kiinitete hakina mfinyanzi wa namna hiyo. Udongo wake wenyewe una mikono. Mtu mmoja aliyelishikilia jambo hili mapema alikuwa Wilhelm His, mzaliwa wa Basel katika Uswisi, ambaye mwaka 1874 alitoa kitabu akidai kwamba sura ya mwili hutokana na nguvu zile zile zikunjazo nguo na kupinda ubao, yaani kusukuma, kuvuta na kukunjamana, kwa sababu sehemu moja ya tabaka hukua upesi kuliko jirani yake. Na ili aeleweke na wasiomwamini, alichukua mirija ya mpira, akaipinda, akawaonyesha jinsi mikunjo yake ilivyofanana na mikunjo ya ubongo uanzapo kuumbika. Ernst Haeckel, bingwa aliyevuma mno Ujerumani wakati ule, alimfanyia mzaha, kwani kwake yeye ilitosha kueleza kwamba kiumbe hupata sura fulani kwa kuwa wahenga wake walikuwa nayo. Walakini kujua kwamba mkeka huu umefuata mtindo wa mkeka wa babu si kujua mikono ilivyousuka, na katika hoja hiyo mtu wa mirija ya mpira ndiye aliyekuwa ameshika njia.

Mwaka 1947 Mmarekani aitwaye Warren Lewis alirudia hoja ile kwa kifaa chepesi zaidi: alipanga vijiti vya shaba safu moja, akaviunganisha kwa mipira myembamba ya kuvutika juu na chini, na alipokaza mipira ya upande mmoja kuliko ya upande wa pili, safu nzima ilijipinda yenyewe, bila ya mkono wa mtu kuipinda. Hivyo ndivyo mambo yaendavyo tumboni. Katika wiki ya tatu tangu mimba kutunga, mtoto wa mtu si kitu ila bamba la matabaka matatu lenye urefu wa milimeta moja au mbili hivi, jembamba kuliko ganda la kitunguu. Tabaka la juu, kwa upande utakaokuwa mgongo, hunenepa likawa bamba la ubongo na ugwe wa mgongo. Ndani ya kila seli ya bamba hilo mna nyuzi ambazo hukazwa na protini ya jamii moja na ile ikazayo misuli ya mikono yetu tunapochota maji kisimani. Nazo zikikazwa upande wa juu, kinywa cha seli hunywea mfano wa kinywa cha mkoba uvutwapo kamba yake, na seli iliyokuwa na umbo la tofali hupata umbo la kabari. Kabari moja haiwezi kitu. Lakini maelfu yake, yakiwa yameshikana bega kwa bega, hulipinda bamba zima likawa mfereji, kingo za mfereji huinuka kama mawimbi mawili yanayokabiliana, hukutana, hushikana, na mfereji huwa mrija.

Lakini mfereji mpana hauwezi kufungika, na hapa pana kazi ya pili iliyofichika zaidi kuliko ya kwanza. Seli za kando hujipenyeza kati ya jirani zao zikielekea katikati, kama vidole vya mikono miwili vifumanavyo, na kila zinapojipenyeza bamba hupungua upana na kuongezeka urefu. Aliyepata kusimama ng'ambo ya msikiti wakati watu watokapo katika sala ya Ijumaa ameuona mwendo huo: umati uliojaa ua mzima hufika penye kichochoro, kila mtu humpisha wa kushoto na kumtangulia wa kulia, na kundi lililokuwa pana huwa msafara mrefu, ilhali hapana aliyesimama juu ya ukuta akatoa amri. Kila mmoja alimjua jirani yake tu, na kumjua jirani kulitosha.

Ujirani huo wa seli si maneno ya mapambo. Mwaka 1955 Philip Townes na Johannes Holtfreter walitangaza habari za majaribio ambayo ndani yake walizitenganisha seli za viinitete vya viumbe wa jamii ya chura, wakazichanganya za ngozi na za neva pamoja kama mtu achanganyavyo mchele na choroko, kisha wakaziacha. Zile seli zilijitafuta. Baada ya muda za ngozi zilikuwa nje, za neva zilikuwa ndani, kila kabila limekaa mahali pake, kwa sababu kila moja ina namna yake ya kushikana na mwenziwe na kumwacha asiye mwenziwe. Na pengine umbo hupatikana kwa kifo: mkono wa mtoto tumboni huanza ukiwa bapa mfano wa kafi la ngalawa, na vidole hutokea kwa kuwa seli za katikati yao hufa kwa mpango, wakati mguuni mwa bata seli hizo huachwa hai, naye akapata utando wake wa kuogelea. Nani angedhani kwamba tofauti ya kiganja changu na unyayo wa bata ni habari ya nani afe na nani abaki?

Sasa nije kwenye tarehe. Katika binadamu, kingo mbili za mfereji wa mgongoni hugusana kwa mara ya kwanza karibu na mahali pa shingo, siku ya 22 hivi tangu mimba kutunga. Kutoka hapo mshono huenda pande mbili, kichwani na kiunoni, mfano wa zipu inayofungwa kwa mikono miwili. Tundu la kichwani hufunga siku ya 25 hivi, na tundu la kiunoni siku ya 28 hivi. Kazi nzima haichukui zaidi ya juma moja. Msomaji na ahesabu pamoja nami. Mwanamke ambaye mwezi wake huzunguka kwa siku 28 hutazamia hedhi siku ya 14 baada ya mimba kutunga. Maana yake ni kwamba mshono wa mwisho unapofungwa, au unapokosa kufungwa, mama amechelewa wiki mbili tu. Aghalabu hajamwambia mumewe. Pengine hajajiambia mwenyewe. Na wengi katika nchi zetu hufika kliniki mara ya kwanza baada ya mwezi wa tatu, wa nne au wa tano, ndipo wanapokabidhiwa vidonge vya kuongeza damu ambavyo ndani yake mna foliki, kirutubishi nitakachokieleza mbele, jambo lililo jema kwa damu yao, lakini kwa mshono ule ni sawa na kumpelekea fundi chokaa baada ya nyumba kuezekwa na watu kuhamia.

Mshono usipofungwa kiunoni, mtoto huzaliwa na maradhi ambayo watu wetu huyaita mgongo wazi, na aghalabu huandamana na kichwa kikubwa, yaani maji yaliyozuiliwa ndani ya ubongo. Atahitaji kupasuliwa mapema, pengine na kuwekewa mrija wa kupunguza maji kichwani. Huenda miguu isimbebe, huenda mkojo usimtii maisha yake yote. Usipofungwa kichwani, mtoto haishi. Na juu ya mzigo huo, mama hutwikwa mzigo wa pili ambao haukuletwa na maumbile bali na ndimi za watu. Ninaye jirani mmoja, mama wa mtoto mwenye mgongo wazi, msichana mwerevu ambaye sasa ana miaka sita na husoma kwa sauti kuliko kaka zake. Mkwe wa mama huyo alimwuliza amemkosea nani hata akapewa mtoto wa namna ile. Shoga zake walinong'ona habari za ulozi. Na yeye mwenyewe, katika mashitaka aliyojifungulia moyoni mwake usiku, alikuwa na ushahidi mmoja tu, nao ni ndoo ya maji. "Mwezi wa saba, Mwalimu," aliniambia, "mabomba yalikauka, nikabeba ndoo kutoka bondeni, nikasikia mgongo ukinivuta. Mgongo wangu ulivuta, na wake ukafunguka."

Kama kuna sababu moja tu ya kuandika mambo ya seli na kabari katika gazeti la watu wote, sababu hiyo ni ile ndoo. Mshono uliokoma siku ya 28 hauwezi kufunguliwa na ndoo ya mwezi wa saba. Elimu ya umbo la kiumbe, ambayo huonekana kuwa anasa ya wenye maabara, ina insafu ndani yake: humwondolea mwanamke hatia kwa kuonyesha siku ambayo jambo lilitokea. Lakini elimu hiyo hiyo, ikisha kumwachilia mama, hugeuka ikatuelekea sisi tuliobaki, kwani mengi ya makosa ya mshono huu yanaweza kuzuiliwa, na dawa yake imejulikana kwa muda mrefu.

Habari ya dawa hiyo inastahili kukumbukwa. Lucy Wills, daktari Mwingereza, alikwenda Bombay akachunguza upungufu wa damu wa wanawake wajawazito waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya nguo, na mwaka 1931 alitangaza kwamba rojo la hamira liliwaponya. Mwaka 1941 watafiti wa Marekani, baada ya kukamua tani nne za spinachi, walikipata kitu chenyewe, wakakiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani, ndiyo foliki. Seli haziwezi kuongezeka pasipo kunakili DNA zao, na kunakili huko huhitaji foliki. Basi si ajabu kwamba bamba linalokimbizana na siku saba za kujifunga huihitaji kuliko kitu kingine. Mwaka 1965 Elizabeth Hibbard na Richard Smithells wa Liverpool walieleza shaka yao kwamba upungufu wake una uhusiano na makosa ya mshono, na mwaka 1991 shaka ikawa yakini: katika jaribio lililofanywa kwenye vituo 33 vya nchi 7, kwa wanawake ambao walikwisha kupata mimba yenye kasoro hiyo, waliopewa foliki tangu kabla ya kushika mimba walipungukiwa na hatari ya kurudiwa kwa asilimia 72. Shirika la Afya Duniani huwashauri wanawake wanaotazamia kushika mimba kutumia mikrogramu 400 kila siku, tangu wanapoanza kujaribu hata wiki ya 12. Na yule ambaye amekwisha kupatwa huandikiwa na daktari kiasi kikubwa zaidi, yapata mara kumi.

Methali yetu husema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Methali hiyo ni ya haki kwa mwenye nyumba auonaye ufa asubuhi akauacha mpaka jioni. Lakini huyu mama hauoni ufa, wala hajui kwamba kuna nyumba. Kumwambia "anza foliki ukijua u mjamzito" ni kumpa ufunguo wa mlango uliokwisha fungwa. Ndiyo maana nchi kadhaa ziliona kwamba njia ya yakini ni kuitia foliki katika chakula ambacho kila mtu hukila, mjamzito na asiye mjamzito. Marekani ilianza kulazimisha jambo hilo kwa unga wa ngano mwaka 1998, Tanzania ikaweka kanuni zake za unga wa ngano na wa mahindi mwaka 2011, Kenya mwaka 2012, na mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuhimiza kazi hiyo katika nchi zote, ukitaja mgongo wazi kwa jina.

Sheria tunazo, basi. Tulichokosa ni sheria hiyo kuingia katika mashine ya kusaga ya mtaani. Unga wa mfuko uliochapwa alama ya virutubishi hununuliwa dukani na mwenye mshahara. Lakini sehemu kubwa ya mahindi ya vijijini husagwa katika mashine ndogo, debe kwa debe, na mwenye mashine hatii kitu ila mahindi aliyoletewa, hatoi kitu ila unga na pumba. Nilisimama katika foleni ya mashine moja hivi karibuni. Kijana msagaji, nyusi zake nyeupe kwa vumbi, alikuwa akipokea ndoo baada ya ndoo, sembe huku, dona kule, na katika watu kumi na mmoja waliokuwa wakingoja, tisa walikuwa wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa. Wale wale ambao sheria ilitungwa kwa ajili yao walikuwa mbele ya macho yangu, na sheria ilikuwa dukani.

Rai yangu ni kwamba serikali zetu ziache kuitazama mashine ndogo kama mkosaji wa kutozwa faini, zikaitazama kama zahanati: mwenye mashine apewe kifaa cha kuchanganyia na virutubishi kwa bei ya chini au bure, afundishwe, akaguliwe kwa upole. Wako watakaosema kwamba mchicha na kunde vyatosha. Ni kweli vina foliki, lakini moto mrefu huiharibu, maji ya kuchemshia yakimwagwa huenda nayo, na mwili huipokea ile ya majani kwa uchache kuliko ile iliyotiwa katika unga. Tule mchicha, lakini tusiutegemee peke yake. Wako watakaosema kwamba si haki serikali kutia kitu katika sufuria ya mtu. Hao nawauliza habari ya chumvi yenye madini joto, ambayo wameila miaka yote hii bila ya kulalamika, na ambayo imewaondolea wajukuu zao tezi la shingo walilokuwa nalo mababu. Na wako watakaotaja gharama. Hao waende wodini, wamtazame mtoto apasuliwaye mara ya tatu, na mama aliyeacha shamba lake miezi minne, kisha warudi tuhesabu pamoja.

Lakini si yote ya serikali. Katika pwani yetu mwari aolewapo hupewa somo, mwanamke mwenye umri na siri, amfundishaye mambo ya nyumba na ya mwili ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Hapana mwalimu aliye karibu zaidi na siku ile ya 28 kuliko yeye. Laiti kila somo, pamoja na udi na liwa na nasaha zake, angekuwa na neno moja la ziada: anza vidonge vya foliki kabla hujatamani mtoto. Shekhe na padri waulizao maarusi maswali kabla ya kuwafungisha ndoa nao wangeweza kuliongeza. Na muuguzi amwondoleaye mama kijiti cha uzazi wa mpango, kwa kuwa mama huyo ametaka kuzaa tena, ana nafasi iliyo bora kuliko zote, maana anajua kwa yakini kile ambacho kliniki ya wajawazito itakijua baada ya miezi mitatu.

Sidai kwamba foliki huzuia kila kasoro. Kisukari kisichotunzwa, baadhi ya dawa za kifafa, na urithi wa damu vina sehemu yao, na watoto wenye mgongo wazi wataendelea kuzaliwa, nao wana haki ya mpasuaji wa karibu, ya shule yenye njia ya kiti cha magurudumu, na ya kutazamwa kama watu. Ninalolidai ni kwamba tusiwaongeze kwa uzembe, wala tusiwahukumu mama zao kwa ujinga.

Bibi yangu alikufa kabla sijapata jawabu la kumpa. Ningemwambia kwamba hapana aingiaye humo ndani, kwamba udongo wenyewe hujivuta, hujikunja na kujishona kwa majira yake, na kwamba hautaki kwetu ila chakula cha wakati. Nilichoshindwa kumwambia yeye nilimwambia yule jirani, barazani kwangu, binti yake akichezea vifuu miguuni petu. Nilimhesabia siku kwa vidole: wiki mbili baada ya hedhi kukosekana, basi. Alizihesabu tena mwenyewe, polepole, mara mbili, kama mtu ahesabuye fedha asiyoamini kwamba ni yake. "Mwezi wa kwanza," akasema. "Kumbe haikuwa ndoo." Kisha akaniuliza vidonge hivyo hupatikana wapi, kwa kuwa mdogo wake anaolewa baada ya mfungo.